Pikipiki Yako Iliyoibwa Inauzwa Miaka Kadhaa Baadaye: Namna ya Kuifuatilia Jijini Dar es Salaam

Pikipiki iliyoibwa Mbagala miaka minne iliyopita inaweza kuibuka leo kwenye tangazo la mtandaoni ikiwa na rangi nyingine, namba nyingine ya usajili, na muuzaji anayesema yuko Tegeta. Mwenye mali huitambua kwa kitu kidogo ambacho mwizi hakukijali: keria iliyochomelewa na fundi wa mtaani, ngao iliyopinda upande mmoja, au tundu la skrubu pale ilipokuwa imefungwa redio. Jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kumpigia muuzaji simu na kumwambia kwamba hiyo ni mali ya wizi. Tafadhali usipige simu hiyo, kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu pikipiki kwa mara ya pili.

Wizi wa miaka iliyopita haufuatiliwi kama wizi wa jana. Mtu anayekutwa na mali iliyoibwa juzi anatakiwa aeleze ameipataje, na akishindwa, mahakama inaweza kumchukulia kuwa ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi. Kanuni hiyo hupungua nguvu kadiri muda unavyopita, kwa kuwa pikipiki ni chombo kinachohama mikono haraka na aliyenayo leo anaweza kuwa mnunuzi wa tatu au wa nne, asiyejua lolote. Kitakachokurudishia mali yako ni uwezo wa kuthibitisha kwamba chesisi inayouzwa, yaani fremu yenye namba ya kiwandani, ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi yako ya usajili, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi, namba na alama kuliko kumsaka mwizi.

Muda haujakunyang'anya haki. Jinai haiozi, na kosa la wizi halina ukomo wa kushtakiwa. Aidha, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasimamia kanuni kwamba asiye na mali hawezi kumpa mnunuzi umiliki ambao yeye mwenyewe hana, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria hiyo, kwa mfano pale ambapo mwenye mali mwenyewe kwa mwenendo wake amewafanya watu waamini kwamba muuzaji ana ruhusa yake.

Hifadhi tangazo, kisha nyamaza

Tangazo linaweza kufutwa wakati wowote, ama kwa sababu pikipiki imeshauzwa, ama kwa sababu muuzaji amehisi jambo. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu yeyote, piga picha za skrini zinazoonyesha ukurasa mzima: jina analotumia muuzaji, namba yake ya simu, bei, eneo alilotaja na siku tangazo lilipowekwa. Nakili kiungo cha tangazo na ukihifadhi, kisha pakua picha za pikipiki moja moja kama zilivyo, bila kuzikata wala kuzichorea mishale. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii kupokelewa mahakamani, lakini mahakama huangalia ushahidi huo ulipatikanaje na ulitunzwaje, na picha iliyopita kwenye simu za watu kumi kabla ya kumfikia mpelelezi huzua maswali yasiyo ya lazima. Simu uliyotumia usiiuze wala usiifute kumbukumbu zake hadi shauri liishe.

Kama umeiona kwa macho, labda kwenye yadi ya pikipiki zilizotumika au imeegeshwa kijiweni, andika namba ya usajili, mahali, siku na saa, na upige picha ukiwa mbali kidogo iwapo unaweza kufanya hivyo bila kuvuta macho ya watu. Usimfuate dereva hadi nyumbani kwake.

Usiandike chini ya tangazo kwamba mali ni yako, na usilisambaze kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa ukiomba msaada, kwani katika jiji hili habari humfikia muuzaji mapema kuliko inavyowafikia polisi. Vilevile usiweke tangazo la kuahidi zawadi kwa atakayeirudisha huku ukisema kwamba hataulizwa maswali. Watu wengi huliandika kwa nia njema, lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalihesabu tangazo la hadhara la namna hiyo kuwa kosa.

Kusanya karatasi zinazosema pikipiki ni yako

Karatasi ya kwanza ni kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kwa sababu ndani yake kuna namba ya chesisi na namba ya injini. Namba ya usajili, ile inayoanza na MC, ina uzito mdogo katika jambo hili, kwa kuwa kibao hufunguliwa kwa bisibisi na kufungwa kingine, wakati chesisi ni mwili wenyewe wa chombo. Kama kadi ilipotea pamoja na pikipiki, jambo linalotokea sana kwa kuwa madereva huiweka chini ya kiti, toa taarifa ya upotevu wake polisi na uombe nyingine TRA. Wakati unasubiri, tafuta mahali pengine namba hizo zilipowahi kuandikwa: risiti ya duka ulikonunua, hati ya bima, leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kama ilikuwa ya biashara, au mkataba wa mkopo. Picha za zamani nazo ni mali. Picha ya mtoto aliyekalishwa juu ya tangi siku ya sikukuu inaweza kuonyesha ile keria iliyochomelewa vizuri kuliko maelezo ya kurasa tatu.

Kinachowakwamisha wengi zaidi ni kadi yenye jina la mtu mwingine. Ulinunua kwa jirani, mkaandikiana mbele ya mjumbe, kisha ukaendelea kutembelea kadi yake kwa sababu kuhamisha umiliki kunadai ada na kodi, na hakuna aliyekusumbua hadi siku ya wizi. Hali hiyo haikuondolei haki, ila inakupa kazi: ni lazima uonyeshe mfululizo kamili wa makabidhiano, kuanzia jina lililo kwenye kadi hadi lako, na pale karatasi inapokosekana awepo mtu wa kusimama na kusema kwamba yeye ndiye aliyekuuzia. Mtafute mtu huyo sasa, kabla hujaenda kituoni, umweleze kinachoendelea na umwombe akubali kuandika maelezo polisi. Wapo wanaokataa kwa kuogopa kwamba wataingizwa kwenye kesi ya wizi, na wapo waliohamia mikoani. Hilo ni afadhali ulijue mapema kuliko kulijua siku hakimu anapouliza. Ofisi ya serikali ya mtaa iliyogonga muhuri kwenye mkataba wenu inaweza kuwa na nakala, na mwenyekiti au mjumbe aliyeshuhudia anaweza kuwa shahidi hata kama ameshatoka madarakani.

Kwa pikipiki ya mkataba, dereva aliyekuwa akipeleka hesabu kwa tajiri hakuwa mmiliki hadi amalize kulipa, kwa hiyo mlalamikaji ni tajiri na dereva ni shahidi, hata kama dereva ndiye aliyeiona ikiuzwa na ndiye aliyeumia zaidi. Kama kadi ilishikwa na taasisi ya mikopo, pata barua yao. Kama bima kubwa ilikulipa fidia ya wizi, haki ya kuidai pikipiki hiyo kwa kawaida imehamia kwa kampuni ya bima, na kuificha kampuni jambo hili kunaweza kukugeuza wewe kuwa mtuhumiwa.

Kisha tafuta namba ya taarifa uliyopewa kituoni siku ya wizi, ile ambayo sote tunaiita RB. Kama karatasi yake imepotea, taja siku, kituo na jina lako, uombe waitafute kwenye kumbukumbu zao. Iwapo hukuwahi kuripoti, ripoti sasa na ueleze ukweli wa kuchelewa kwako. Kutunga tarehe au kusema uliporwa wakati uliiacha nje ya duka bila kufunga usukani kutaivunja kesi nzima siku ya kuhojiwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani, fanya jambo moja ambalo watu hulisahau. Jeshi la Polisi lina mfumo wa mtandaoni wa kuangalia madeni ya faini za barabarani kwa kuingiza namba ya usajili. Ingiza namba yako ya zamani. Ukikuta faini iliyoandikwa baada ya siku ya wizi, maana yake ni kwamba kuna mtu alisimamishwa na trafiki akiwa na kibao chako, na mpelelezi anaweza kuanzia hapo kumtafuta. Ingiza na namba iliyo kwenye tangazo, uhifadhi majibu yote mawili.

Pata uhakika bila kujitambulisha

Polisi watakusikiliza vizuri zaidi ukienda na zaidi ya kusema kwamba inafanana na yako. Boxer nyekundu ni nyingi kuliko unavyodhani. Inatosha kumwandikia muuzaji kama mnunuzi yeyote makini: "Habari kaka, pikipiki bado ipo? Naomba picha ya kadi na ya namba ya chesisi kabla sijaja kuiona." Ni ombi la kawaida na halimtishi mtu mwenye mali halali. Akituma, linganisha na kadi yako tarakimu kwa tarakimu. Akikataa kabisa huku akisisitiza utume kwanza pesa ya kushikilia, usitume hata shilingi, kwa sababu huenda hata hiyo pikipiki hana, na picha amezitoa kwingine. Usimhoji aliipata wapi, na usitume rafiki zako watano kumpigia kwa zamu. Bei iliyo chini kupita kiasi na maneno kwamba kadi itafuata baadaye ni dalili ya kuwekwa kwenye maelezo yako, ila peke yake haithibitishi wizi.

Kama namba ni zilezile, kazi yako imekuwa nyepesi. Kama ni tofauti, usikate tamaa haraka, kwa maana kuna kadi halali za pikipiki zilizokufa kwa ajali ambazo namba zake hugongwa kwenye fremu za wizi. Hapo ndipo inapofaa kujua namna ya kusoma chesisi, ili siku ya ukaguzi, mkiwa pamoja na askari, uweze kumwonyesha pa kutazama.

Namna ya kusoma chesisi

Kwenye pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda, namba ya chesisi imeandikwa kwenye shingo, yaani lile bomba fupi la chuma ambalo usukani huzungukia. Ili uione inabidi ugeuze usukani hadi mwisho, usogeze nyaya za klachi na za taa kwa vidole, kisha ufute grisi na vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Maandishi ya kiwandani yana kina kimoja, yamekaa kwenye mstari ulionyooka na nafasi kati yake zinalingana. Yaliyogongwa gereji kwa nyundo hujionyesha: tarakimu moja imezama, ya pili imeegemea, na chuma kilicho chini yake kina mikwaruzo ya tupa inayoelekea upande mmoja, pengine imefunikwa kwa rangi inayong'aa kuliko fremu nzima. Ukipitisha ukucha taratibu kutoka sehemu isiyoguswa kwenda kwenye namba, utahisi bonde dogo ambalo jicho linaweza kulikosa.

Namba kamili ya chesisi ya chombo cha kisasa ina herufi na tarakimu 17, na kwa utaratibu wa kimataifa herufi I, O na Q hazitumiki kabisa ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona mojawapo ya herufi hizo kwenye namba yenye urefu huo, ama umesoma vibaya ama aliyegonga hakujua. Herufi za mwanzo hutaja nchi na mtengenezaji: Bajaj za India huanza na MD2, TVS huanza na MD6, na pikipiki za China huanza na L. Boxer ni pikipiki ya Bajaj, kwa hiyo fremu yake yenye namba inayoanza na L inajieleza yenyewe.

Namba ya injini iko kwenye kasha la injini, upande wa chini, mara nyingi imezingirwa na matope yaliyokauka. Ichukulie kwa tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu injini hubadilishwa kihalali kila siku. Inawezekana fremu ni ya mtu mwingine na injini pekee ndiyo yako, kwa kuwa pikipiki iliyoibwa hukatwakatwa na vipande vyake kusambaa. Katika hali hiyo unachodai ni injini, na uwaambie polisi hivyo waziwazi badala ya kung'ang'ania chombo kizima.

Namba zilizofutwa hazijapotea kabisa. Chuma kinapogongwa hubanwa hadi chini ya kina cha herufi inayoonekana, na wataalamu wanaweza kutumia kemikali kuifanya sehemu iliyobanwa ionekane tena hata baada ya uso kupigwa tupa. Jeshi la Polisi lina kitengo cha uchunguzi wa kisayansi, na mpelelezi ndiye anayepaswa kukipelekea kielelezo. Usikubali fundi yeyote ajaribu kusugua sehemu hiyo kwa msasa ili mwone vizuri, kwa kuwa anachokiondoa hakirudi.

Andika alama zako kabla ya kuonyeshwa

Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba anayedai mali aeleze kwanza alama zake za pekee, ndipo aonyeshwe mali hiyo. Anayesubiri hadi pikipiki iletwe mbele yake ndipo aseme "ndiyo hii, naijua kwa huo mkwaruzo" amejipunguzia thamani ya ushahidi wake, kwa sababu mtu yeyote anaweza kutaja mkwaruzo anaouona. Kwa hiyo kaa chini, bila kuangalia picha za tangazo, uandike kila unachokikumbuka: mahali palipochomelewa na idadi ya mistari ya kuchomelea, boliti isiyo ya kiwandani, upande wa tangi ulioingia ndani, waya ulioungwa chini ya kiti na rangi ya utepe uliotumika. Weka tarehe na saini. Alama zilizofichika, ambazo mnunuzi wa kawaida hazioni hadi afungue kiti, zina nguvu kuliko rangi na stika. Kisha hakikisha kwamba alama hizo zimeandikwa kwenye maelezo yako polisi kabla pikipiki haijakamatwa. Fundi aliyefanya kazi hiyo ni shahidi mzuri, na mara nyingi atautambua mkono wake mwenyewe.

Kwenda polisi na siku ya ukamataji

Anzia kituo ulichoripoti awali, kwa kuwa huko ndiko jalada liliko, na jalada lililolazwa kwa kukosa mtuhumiwa linaweza kufufuliwa. Lakini kama uliripoti Chang'ombe na pikipiki imeonekana Kawe, na muuzaji anasema kuna mteja anakuja jioni, nenda kituo kilicho karibu nayo ukiwa na RB yako, uombe wawasiliane na wenzao. Waone watu wa upelelezi badala ya kuishia kaunta, na uwaeleze kwa mpangilio: iliibwa lini na wapi, RB ni ipi, umeionaje, ni namba au alama zipi zinazolingana. Seti mbili za nakala zinatosha. Nakala halisi ya kadi usiiache bila kuandikiwa kwamba imepokelewa.

Mpango wa kukutana na muuzaji uwe wa mpelelezi, usiwe wako. Atakuambia kama umwandikie muuzaji kwamba unakuja kuiona, mkutane wapi, na wewe ukae wapi. Kuna jambo ambalo nalisisitiza kwa uzito wote: usipige kelele za mwizi. Neno hilo likitamkwa barabarani Dar es Salaam, hasa karibu na kijiwe, umati hukusanyika kwa dakika chache, na mtu anaweza kupigwa hadi kufa au kuchomwa moto akiwa hata hajaulizwa jina. Aliyeshika pikipiki yako anaweza kuwa kijana aliyeinunua kwa akiba yake ya VICOBA, na hata kama ndiye mwizi, hakuna pikipiki inayolingana na uhai wa mtu. Akiuawa, wewe uliyepiga kelele utakuwa wa kwanza kutafutwa, na aliyekuwa na uwezo wa kutaja mali ilikotoka hatakuwepo tena.

Pikipiki ikikamatwa, hakikisha inaandikwa hati ya ukamataji mali inayotaja namba ya chesisi na ya injini kama zinavyosomeka pale, rangi, kibao kilichokuwepo na hali ya chombo, ikisainiwa na aliyekutwa nayo na shahidi huru, ambaye kwa kawaida ni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mambo mengi huharibikia hapa. Namba ikikosewa tarakimu moja kwenye hati, wakili wa utetezi atauliza mahakamani kama kielelezo ndicho kilekile, na swali lake litakuwa halali. Soma kwa adabu pamoja na askari: "Afande, naomba tuisome tena namba hii kabla hatujasaini."

Baada ya hapo polisi huandikia TRA kuomba taarifa za usajili wa namba zote mbili, yako na ile iliyokuwa imefungwa, na majibu hayo huamua mengi. Kumbusha kwa upole, kwa kufika ofisini siku uliyoambiwa, na uandike jina la mpelelezi na namba ya jalada. Kufungua kesi hakulipiwi. Ukidaiwa fedha ili jalada lisogee, TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Ukiona tu uzembe, mwone mkuu wa upelelezi wa wilaya, na ikishindikana, wa mkoa wa kipolisi, Ilala, Kinondoni au Temeke.

Aliyekutwa nayo

Mara nyingi utakutana na mtu mwenye mkataba wa mauziano, nakala ya kadi yenye mashaka, na namba ya simu ya dalali isiyopatikana tena. Analia kwa haki yake kama wewe unavyolia kwa yako. Kumtukana hakukusaidii, kwa sababu yeye ndiye pekee anayeweza kumtaja aliyemuuzia, na huyo amtaje wa kabla yake, hadi wapelelezi wakaribie siku ya wizi. Sheria ileile ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa haki ya kumdai aliyemuuzia arudishe fedha zake, na kumweleza hivyo kwa utulivu humfanya awe shahidi wako badala ya mpinzani wako.

Atapendekeza mmalizane: umpe nusu ya alicholipa, achukue mkononi, wewe uondoke na chombo. Ninaelewa kinachowafanya watu wakubali, lakini naona ni njia mbaya. Kesi ya jinai ikishafunguliwa ni ya Jamhuri, si yenu wawili, na kupokea au kutoa fedha ili kosa kubwa lizimwe kunaweza kuwa kosa lingine. Isitoshe, utabaki na pikipiki yenye chesisi iliyochezewa na hutakuwa na karatasi ya mahakama ya kuieleza. Kama yapo mazungumzo ya haki kati yenu, yafanyike mbele ya mpelelezi au hakimu na yaandikwe.

Kuitoa kituoni

Pikipiki sasa ni kielelezo, na itakaa kwenye uwanja wa kituo, kwenye jua na mvua, hadi itolewe uamuzi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mali irudishwe kwa mwenyewe. Usisubiri hukumu ndipo uulize. Mwombe mwendesha mashtaka awasilishe ombi kwamba kielelezo kipigwe picha, kipokelewe rasmi mahakamani, kisha ukabidhiwe kwa ahadi ya maandishi ya kutokiuza wala kukibadilisha na kukileta kikihitajika. Mahakama si lazima ikubali, hasa kama aliyekutwa nayo naye anaidai, lakini ombi lenye kadi, majibu ya TRA na maelezo ya alama yaliyotangulia ukamataji ni ombi lenye miguu.

Ikiwa hakuna wa kushtakiwa na mtu huyo bado anagoma kuiachia, inabaki njia ya madai. Andika barua ya kudai mali yako, ipelekwe kwa namna inayoweza kuthibitishwa, kisha mwone mwanasheria bila kuchelewa, kwa kuwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara, yaani kosa ulilotendewa nje ya mkataba, na ubishi mkubwa utakuwa siku ya kuanza kuhesabu: siku ya wizi au siku aliyokataa kukurudishia. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta watoa huduma walio chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wasaidizi wa kisheria waliopo kwenye wilaya.

Piga hesabu zako kwa ukweli. Pikipiki iliyotembea bodaboda kwa miaka minne imechoka, na nauli na siku za kazi zitakazopotea vinaweza kukaribia thamani yake. Kwa mtu ambaye bado analipa mkopo wake, au ambaye dereva wake alijeruhiwa siku ya wizi, hesabu hiyo haiishii kwenye bei ya chuma, na hakuna wa kumlaumu akiendelea hadi mwisho.

Ukikabidhiwa, kagua pikipiki palepale ukilinganisha na hati ya ukamataji, uandike kinachokosekana kabla ya kusaini. Peleka amri ya mahakama TRA ili usajili urekebishwe, na kama chesisi iliharibiwa, omba maelekezo yao ya maandishi kabla ya kuirudisha barabarani. Waombe polisi wafunge taarifa ya wizi kwenye kumbukumbu zao, kisha tembea na nakala ya amri hiyo iliyothibitishwa pamoja na kadi, kwa sababu hadi kumbukumbu zote zirekebishwe, askari yeyote atakayekagua namba yako anaweza kuikuta bado inatafutwa.